Mji Ambao Kaka Yangu Aliupa Kumi

Jumamosi iliyopita niliishia pale shemeji yangu Corrine alipoingia garini na kisanduku cha mbao, akakipakata, akapitisha mkanda wa kiti juu yake na kuniambia, "Haya, twende."

Ndani ya kisanduku kile alikuwa kaka yangu, Gerrit Hoekstra. Majivu yake.

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi, maana kuyarudia kunaniumiza.

Gerrit na mimi tulikuwa na ugonjwa mmoja: mpira wa vyuo, huu mpira wetu wa Kimarekani wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Vuli ikiingia, kila Jumamosi tulikuwa barabarani. Gerrit alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu hawezi kufurahia kitu bila kukipa alama. Alikuwa na daftari. Kila mji wa chuo tuliofika aliupa alama zake kati ya kumi. Timu hakuijali sana. Aliangalia mji. Shabiki mgeni anapokelewaje? Anakula nini? Anatembea umbali gani kutoka kwenye gari hadi getini? Na timu yake ikifungwa, anaondoka na heshima yake au anaondoka amemwagiwa bia?

Kila Agosti orodha yake ilitoka katika gazeti la kwetu Oskaloosa, hapa Iowa. Watu walikuwa wanamsimamisha dukani kumgombeza.

Na kila mwaka namba moja ilikuwa ile ile. Tolliver, Missouri. Mji wa watu elfu tisa, chuo kidogo, timu ya kufungwa.

Watu walicheka. Corrine hakucheka. Miaka kumi na miwili iliyopita alifungua barua iliyotoka Tolliver, yenye jina la ukoo wetu na anwani ya nyumba yake. Ndani iliandikwa, "Mpenzi wangu, Oktoba iko mbali mno." Chini yake, "Imogene."

Aliiweka barua mezani mbele ya mumewe. Gerrit aliisoma, akainua macho, akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama pale jikoni na kikombe cha kahawa mkononi. Kisha akamwambia mkewe, "Sina la kusema, Corrine."

Barua ile ilikuwa yangu.

Mimi, Dale, ndiye niliyekuwa na Imogene. Oktoba nne mfululizo. Mimi ndiye niliyempa anwani ya kaka yangu ili mke wangu Nadine asijue. Na wiki ile Nadine alikuwa anatibiwa saratani ya titi, hana nywele, anatapika maji. Gerrit alinivuta uani akaniambia, "Ukimwambia sasa utamuua. Subiri apone. Akipona utasema mwenyewe, na utamwambia Corrine."

Nadine alipona. Sikusema.

Machi mwaka huu Gerrit alikufa kwa ugonjwa wa kongosho. Na sasa nilikuwa nawaendesha wanawake wawili kwenda Tolliver, asubuhi ya mechi, na kaka yangu katikati yetu.

*

Tulikuwa tumepita Ottumwa Corrine alipolitoa daftari mkobani.

"Sikilizeni," akasema. Akavaa miwani. "'Iowa City. Tisa na nusu. Robo ya kwanza ikiisha uwanja mzima unageuka kuwapungia mikono watoto waliolazwa katika hospitali ya jirani. Mgeni naye anapunga. Nililia. Dale alijifanya anafuta miwani.'"

"Kweli alilia, huyu?" Nadine akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Vumbi," nikasema.

"'Knoxville. Tisa. Wengine wanakuja mechi kwa boti. Dale alitapika.'"

Nadine akacheka, akanipiga kofi dogo begani. Mke wangu ana kicheko kikubwa, cha mtu aliyewahi kuambiwa kwamba hatacheka tena.

"'Baton Rouge. Tisa. Wanakutukana huku wanakupakulia. Sijawahi kutukanwa nikiwa nimeshiba hivi. Madison. Tisa. Mji uko kati ya maziwa mawili na watu wake wako kati ya bia mbili.'"

Hata Corrine alikuwa anatabasamu. Ilikuwa sauti ya Gerrit mle garini. Ungedhani amekaa nyuma na Nadine, miguu yake mirefu imekosa pa kukaa.

Kisha Corrine akafungua ukurasa mwingine na tabasamu likaondoka.

"'Tolliver. Kumi.' Hakuna maelezo. Mwaka uliofuata, 'Tolliver. Kumi.' Mwaka uliofuata, kumi." Akafunga daftari. "Tangu barua ile hakukanyaga huko. Nilimwambia akienda asirudi, na hakwenda. Lakini kila Agosti alinitangazia gazetini. Kumi. Oskaloosa nzima inasoma, na mimi napanga foleni ya nyama nyuma ya watu wanaojua."

"Hawakujua, Corrine," Nadine akasema.

"Mimi nilijua." Akanigeukia. "Shemeji, wewe ulikuwa naye. Timu inashinda mechi mbili kwa mwaka. Hoteli moja. Kuna nini Tolliver?"

"Watu wazuri," nikasema.

"Watu, au mtu?"

Nikaangalia barabara.

Nadine akasogea mbele. "Corrine, mwache marehemu apumzike sasa. Tunamwaga majivu, tunakula, tunarudi nyumbani."

"Nani kasema tunamwaga?"

Nikapunguza mwendo.

"Mimi simmwagi Gerrit," Corrine akasema. "Nampeleka kwa mwenyewe. Bahasha ile ninayo mpaka leo. Mtaa wa Birch, namba kumi na nne. Nitagonga mlango na kumwambia, 'Mimi nimekaa naye miaka thelathini na minane, sasa ni zamu yako.' Nitamkabidhi na kisanduku."

"Corrine!"

"Usinipigie kelele, Nadine. Wewe mumeo yuko hapo anaendesha gari."

*

Kituo cha mafuta cha kwanza nilichokiona, nikaingia.

"Gari linasumbua," nikasema. "Nasikia mlio. Afadhali tugeuze kabla halijatuacha porini."

Nilisahau nimeoa binti wa fundi. Nadine alishuka, akafungua boneti, akainamisha sikio, akachomoa kijiti cha oili akakifuta kwa tishu na kukirudisha.

"Gari hili zima kuliko wewe," akaniambia. Kisha akapunguza sauti. "Unaogopa nini, Dale?"

"Naona aibu kwa ajili ya Gerrit. Tumpeleke kaka yangu kwa mtu baki, kama mzigo wa posta?"

"Aibu angeiona Gerrit mwenyewe. Nilimpenda sana, lakini alichomfanyia Corrine sikumsamehe. Mimi nikiwa kitandani sina nywele, yeye anaandikiwa barua za mapenzi. Nilikuwa najiambia, Mungu alininyima afya akanipa mume mwaminifu. Corrine alinyimwa huyo mume."

Akafunga boneti kwa kishindo, akaenda kununua kahawa.

Nilibaki nimeshika bomba la mafuta. Hapo ndipo nilipaswa kumwita arudi. Alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu. Nilijaza tangi, nikalipa, nikaendesha.

*

Tolliver haikuwa imebadilika. Mji mzima ulikuwa umevaa kijani. Kila nyumba ya karibu na uwanja ilikuwa imeweka kibao cha kuegesha magari kwenye nyasi zake, na kila mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, anakupungia kama mjomba uliyemchelewea harusini.

Zamani sisi tulikuwa tunaegesha kwa Imogene. Ndivyo nilivyomjua. Safari hii nikaukwepa mtaa wake, nikaingia wa nyuma yake na kupanda kwenye nyasi za kwanza nilizoziona.

"Huku si Mtaa wa Birch," Corrine akasema.

"Birch umejaa."

Mzee mmoja mnene aliyevaa kofia ya kijani alikuwa tayari amefungua mlango wa Corrine. "Karibuni, karibuni! Mmetoka upande wa wageni? Mnashabikia wapi?"

"Hatushabikii popote," Corrine akamjibu kwa ukali.

"Hao ndio tunaowapenda zaidi, maana leo tunafungwa. Supu ya maharage na nyama iko hapo, mikate ya mdalasini iko kwenye trei. Choo mlango wa kushoto. Mtoe huyo paka wangu akiwa amekalia sinki."

Corrine hakujua aangalie wapi. Alikuwa amekuja na hasira ya miaka kumi na miwili na mtu anampa supu. Majirani wawili walioacha mchezo wao wa kurusha vifuko vya mahindi kwenye tundu la ubao walikuja kumpa mkono na kumuuliza jina. Mwanamke mmoja aliona kisanduku, akaelewa, akavua kofia. Hakuuliza kitu. Alimvutia kiti tu.

Wakati huo bendi ya chuo ikapita mtaani, watu thelathini hawazidi. Badala ya kwenda uwanjani moja kwa moja, wakasimama mbele ya basi la wageni na kuwapigia wimbo wa chuo cha wageni. Vibaya, na noti mbili zimekosewa. Wageni wakapiga makofi wakicheka, wengine wakafuta macho.

"Wanafanya hivi kila mechi?" Nadine akamuuliza yule mzee.

"Tangu vita viishe. Vita gani, usiniulize."

Nikamwona Corrine anaitazama bendi. Kwa nukta chache uso wake ulikuwa wazi kabisa, uso wa mtu aliyeanza kuelewa hesabu ya mumewe. Kisha akasimama, akaniambia, "Nishikie," akaniwekea kaka yangu mikononi, akaenda chooni.

Kisanduku kilikuwa chepesi. Gerrit alikuwa mtu wa kilo mia.

Na hapo ndipo yule mzee aliponikazia macho.

"Hebu ngoja. Wewe si Hoekstra? Hoekstra mdogo! Mimi Orville Tunstall, kinyozi! Miaka kumi na ngapi hii? Kaka yako yuko wapi?"

Nikainua kisanduku kidogo.

Orville akakiangalia. Akavua kofia yake na kukiwekea mkono juu, kiganja kizima, kama mtu anayempapasa farasi.

"Mwalimu wangu," akasema. "Ah, mwalimu wangu."

Nadine akamshika bega. "Ulimjua vizuri shemeji yangu?"

"Kumjua? Mama, miaka minne, kila Oktoba, bwana huyu amekaa nami safu ya kumi na mbili, kutoka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Tunafungwa arobaini kwa bila, mvua inanyesha, namwambia twende nyumbani, anakataa. Anasema, 'Orville, hakuna hata mmoja aliyeondoka. Nimezunguka nchi nzima sijaona mji ambao hauondoki.' Akaandika kwenye lile daftari lake." Akapenga makamasi. "Baada ya mechi tunakuja hapa, anakula, analala kwenye kochi langu. Chumba cha hoteli alikuwa anamwachia mdogo wake, kwa sababu ya kichwa."

"Kichwa gani?" Nadine akauliza.

"Si huyu alikuwa na maradhi ya kichwa? Hatukumwona uwanjani hata siku moja! Mpira unaanza, yeye kichwa kinamuuma, anaondoka. Nikamwambia marehemu mke wangu, yule mdogo wake mwalimu hatafika mbali na kichwa kile." Akanipiga begani. "Na kumbe mwalimu ndiye ametangulia. Dunia hii."

Nikamwangalia Nadine.

Alikuwa ameshika sahani ya karatasi yenye mkate wa mdalasini. Aliiangalia sahani.

"Miaka thelathini na mitatu nimeolewa naye," akamwambia Orville polepole. "Hajawahi kuumwa kichwa."

Orville akatuangalia, mara mimi, mara yeye. Akavaa kofia yake. "Ngoja nikakoroge supu," akasema.

"Nadine," nikaanza.

Lakini Corrine alikuwa ametoka. Alikichukua kisanduku mikononi mwangu bila hata kuniangalia. "Nimemkuta mwenye paka kwenye supu, kaniambia Birch ni hapo nyuma, napita uchochoro. Msinifuate."

Akaenda.

*

Nilimkimbilia. Nina miaka sitini na moja na goti bovu, lakini nilikimbia. Nilimfikia akiwa ameshatokea Mtaa wa Birch, kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya namba kumi na mbili. Nyumba iliyofuata ilikuwa ile. Mlango ule ule wa bluu. Kiti kile kile cha kubembea barazani.

"Shemeji, simama."

"Nimesema msinifuate."

"Si Gerrit."

Akasimama.

"Si Gerrit, Corrine. Ni mimi. Barua ile ilikuwa yangu. Imogene alikuwa wangu. Nilimpa anwani yenu kwa sababu ya Nadine. Gerrit alijua, alinikataza, sikumsikia. Siku ulipoweka barua mezani alininyamazia kwa sababu Nadine alikuwa mgonjwa. Alitaka niseme mwenyewe. Alinisubiri mpaka akafa. Hakumgusa mtu mwingine yeyote, Corrine. Hakuwa na mwanamke. Alikuwa na daftari tu."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Miaka kumi na miwili nilikuwa nayabeba maneno yale, na yaliisha kabla gari moja halijamaliza kupita.

Nilitegemea kofi. Nilitegemea aanguke. Nilinyoosha mikono nimdake.

Corrine alinishika shavu.

"Wewe ni ndugu mzuri, Dale," akasema.

"Corrine, sikia."

"Nimesikia. Ungeanza na uongo huu miaka ile labda ningeumeza. Ulikuwa unapanga nini njiani, ile habari ya gari kusumbua? Ulikuwa unautunga?"

"Muulize Orville. Yule mzee. Alikaa na Gerrit kila mechi, mwanzo mpaka mwisho. Gerrit alilala kwenye kochi lake."

"Marafiki wa wanaume wote wana kumbukumbu nzuri. Na usiku Orville alimlinda?"

"Naapa kwa watoto wangu."

"Usiape!" Sauti yake ikapasuka. "Usinifanyie hivi, Dale. Usithubutu."

Akakikumbatia kisanduku kifuani.

"Unajua siku ya mwisho, pale hospitali, ulipotoka kumwita muuguzi? Aliniomba mkono. Gerrit. Hakuwa na nguvu ya kuongea, akafungua kiganja tu juu ya shuka, hivi. Akaniangalia. Na mimi nikakiangalia kile kiganja na nikasema moyoni, mwite Imogene akushike. Nikageukia dirishani. Nikahesabu magari. Nilipogeuka alikuwa ameshakwenda na kiganja bado kiko wazi."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimetoka nje dakika tatu tu.

"Sasa niambie," akasema. "Kama hayo unayosema ni kweli, mimi ni nani? Nilimlaza chumba cha nyuma miaka kumi na miwili. Nilimpikia na kula peke yangu. Kama ni kweli, mimi nilimfanyia nini mtu yule?"

Nikaangalia chini.

"Unaona," akasema, karibu kwa upole. "Si kweli. Haiwezi kuwa kweli. Gerrit alikuwa na mwanamke hapa, na mimi nampeleka kwake. Asante kwa kujaribu."

Akanipita. Akafungua kijigeti. Akapanda ngazi, moja, mbili, tatu, na kisanduku chake, mgongo umenyooka kama mtu anayekwenda kupokea shahada.

Nikageuka ili nisione.

Nadine alikuwa amesimama kwenye mdomo wa uchochoro, hatua sita nyuma yangu. Bado alikuwa na ile sahani ya karatasi.

Sikuhitaji kumuuliza amesikia kuanzia wapi.

"Mwaka ule," akasema. "Nilipokuwa sina nywele."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaninyoa wewe. Ulininyoa bafuni, ukasema nina kichwa kizuri. Ni mwaka huo?"

"Ndiyo, Nadine."

"Kabla ya kuninyoa au baada?"

"Yote mawili."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Akainama, akaiweka sahani chini, pembeni ya njia, taratibu, mkate usidondoke. Aliponyanyuka hakuwa na machozi. Ningeomba awe na machozi.

"Na mimi leo asubuhi nimekaa kituo cha mafuta namsema Gerrit," akasema. "Marehemu. Na wewe umeshika bomba unanisikiliza."

"Nadine, mzuie Corrine. Mimi haniamini, wewe atakuamini. Mwambie ni kweli. Anakwenda kumpa mtu baki majivu ya mume wake asiyemkosea kitu. Nifanye utakavyo baadaye, lakini mwambie."

Barazani Corrine alikuwa amebonyeza kengele. Tuliisikia inalia ndani, mbali. Kutoka uwanjani ngoma za bendi zilikuwa zimeanza.

Corrine akageuka akatuona. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Nadine!" akaita. Sauti yake ilikuwa inaomba, naijua sauti ya mtu anayeomba. "Mwambie mumeo aache kumtetea kaka yake. Anasema eti ni yeye. Mwambie aache."

Nadine akaniangalia.

Nimeishi na mke wangu miaka thelathini na mitatu. Nimemwona akiambiwa ana saratani na nimemwona akiambiwa hana tena. Uso ule wa pale Mtaa wa Birch sikuwahi kuuona. Nilijua kwamba ameamini kila neno. Nilijua pia kwamba amesikia habari ya kiganja.

Akapaza sauti.

"Mpuuze, Corrine! Huyu muongo. Gonga tu."



"Nadine, unafanya nini?"

Akanisogelea. Akaupitisha mkono wake kwenye wangu, kama tunavyofanya tukiingia kanisani, na kucha zake zikazama mpaka kwenye mfupa.

"Yeye hawezi kuishi na hiyo kweli yako," akasema chinichini, macho yakiwa mlangoni, anamtabasamia Corrine kumpa moyo. "Wewe unaweza. Kwa hiyo utakaa kimya. Umeweza miaka kumi na miwili, dakika mbili hazikushindi."

"Na Imogene je? Akifungua atajua ni mimi. Atasema."

Tabasamu la Nadine halikuyumba, lakini mkono wake ulitulia ghafla kwenye mkono wangu. Hilo hakuwa amelifikiria.

Akaanza kukimbia kuelekea kwenye kijigeti, amwondoe Corrine kabla mlango haujafunguka. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anashuka ngazi, kisha tukasikia komeo la mlango wa bluu linavutwa.